Grupu la wapenda samaki wa mapambo ulifungue wapi? Mwongozo kwa anayeanza

Kila mwezi napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, tuko watu kama 30 tunaofuga samaki wa mapambo, tunataka tuwe na kikundi chetu mtandaoni. Tufungue wapi?" Mwingine anauliza kwa ajili ya wafuga njiwa, mwingine wapanda baiskeli, juzi mzee mmoja wa Tanga kaniuliza kwa niaba ya wacheza bao. Nimeshajibu kwa maandishi, nimeshajibu kwa sauti za dakika 7. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mfano wangu ni samaki kwa sababu ndiko ninakokujua. Nimesimamia kikundi cha aina hii kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, chenye wanachama hadi Mombasa, Kigoma na wawili watatu Ujerumani. Tumehama mara 2, na mara ya kwanza tulihama vibaya. Kama wewe ni wa njiwa, palipo na tangi weka banda.

Mwenye haraka achukue hili aende: anza pale watu wako walipo tayari, hata kama hapakupendezi, lakini majibu mazuri yahifadhi mahali pengine tangu siku ya kwanza. Mwenye muda aendelee kusoma.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Watu 10 hadi 15 waliokubali kwa kinywa chao. Wale wa "tuko pamoja mkuu" usiwahesabu.
- Msimamizi mwenzako mmoja ambaye hamuishi nyumba moja. Umeme ukikatika kwako, kwake uwe unawaka.
- Barua pepe ya kikundi. Isiwe yako, isiwe ya ofisini kwako. Nywila ziandikwe kwenye karatasi 2, kila msimamizi na yake.
- Laini ya simu ya kikundi, kama mtatumia huduma inayojiunga kwa namba. Laini siku hizi husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, kwa hiyo itakuwa kwa jina la mtu mmoja tu. Kubalianeni mapema ni nani, maana huyo ndiye mwenye ufunguo wa nyumba.
- Daftari. La karatasi, ndiyo.
- Kiasi cha pesa mlicho tayari kutoa kwa mwaka, hata kama ni sifuri. Sifuri ni jibu halali. Kibaya ni kusema "tutachangishana" halafu mwezi wa 11 msimamizi analipa peke yake.

Hatua ya 1: Hesabu mazungumzo yenu

Kaa wiki 1 na grupu mlilonalo sasa, hata likiwa la watu 12, na kila ujumbe upigie mstari kwenye safu yake: salamu na utani, maswali, majibu, picha, mauzo.

Nilipofanya hivi kwetu, salamu ndizo zilizojaza ukurasa, hilo sikulishangaa. Maswali ndiyo yalinifungua macho. Karibu yote yalikuwa swali moja lililobadilisha nguo: "Nimenunua tangi juzi, maji yamekuwa meupe kama maziwa, samaki wanahema juu juu, wawili wamekufa. Nifanyeje?"

Mfugaji yeyote wa siku nyingi analijua jibu. Tangi jipya halina bado bakteria wa kugeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula iwe nitriti, kisha nitrati. Bakteria hao huota polepole kwenye filta na changarawe, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Mpaka hapo punguza chakula, badilisha sehemu ya maji, usiongeze samaki, na usioshe filta kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua wale wale unaowasubiri. Ni mistari michache tu, lakini tulikuwa tunaiandika upya kila wiki, na aliyeiandika vizuri kuliko sote alishachoka na kunyamaza.

Kama daftari lako litaonyesha hivyo, shida yako kubwa ni kumbukumbu, na uchague mahali kwa kuangalia hilo. Kama limejaa utani na "leo tunakutana wapi", mnahitaji kijiwe tu. Ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 2: Tenga baraza na ghala

Nadharia ya mwongozo huu mzima ni hii, na ni fupi. Baraza ni pa kukaa, kusalimiana, kuuliza haraka, kuonyesha picha ya samaki aliyetaga. Ghala ni pa kuweka jibu likae, mgeni wa mwakani alikute.

Makosa mengi ninayoyaona huanzia hapa: mtu anatafuta programu 1 ifanye kazi zote 2. Anaweka ghala barazani, majibu yanazikwa chini ya stika za "Jumaa Mubarak". Au anafanya ghala kuwa baraza, anajenga tovuti nzuri kabisa, na hakuna anayekuja kwa sababu hakuna anayesalimia.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika baraza letu litakuwa wapi, kulia ghala letu litakuwa wapi. Inaruhusiwa yawe pamoja, mradi uwe umeamua mwenyewe.

Hatua ya 3: Pima mifuko na simu za wanachama

Chukua simu ya bei nafuu kuliko zote katika familia yako. Zima wifi. Weka bando dogo la siku. Fungua kila mahali unapofikiria kupeleka kikundi, jiandikishe kama mgeni, tuma picha 1, tafuta neno 1, kisha tazama bando limeliwa kiasi gani na umesubiri muda gani.

Usiruke hatua hii. Msimamizi ndiye mwenye simu nzuri na wifi ya ofisini, akichagua kwa macho yake atachagua vibaya. Wanachama wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii ambalo WhatsApp na Facebook zimo, tovuti ya kawaida haimo. Kwa mtu huyo tovuti yako ni gharama ya ziada, hata kama umeandika "bure" kwa herufi kubwa.

Uliza pia walipo. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na huko wengi huingia kwa VPN (programu ya kupitia njia ya pembeni). Kenya, Telegram ilisumbuliwa wakati wa mitihani ya KCSE (ya kumaliza sekondari) Novemba 2023 na tena Novemba 2024. Tanzania, X (zamani Twitter) ilizuiwa Mei 2025. Kikundi cha samaki hakina ugomvi na mtu, lakini mlango ukifungwa unafungwa kwa wote. Kama una wanachama nchi 3, jiulize nani atabaki nje.

Hatua ya 4: Waite wagombea, mmoja mmoja

*WhatsApp.* Kwa baraza, hapa ndipo watu walipo na ubishi umekwisha. Grupu linabeba watu 1,024. Bibi anaijua, fundi wa matangi anaijua. Ila kama ghala ni gunia lililotoboka: anayeingia leo hakuti majibu ya miaka 2 iliyopita, na kutafuta neno kunategemea simu yako imehifadhi nini.

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi wanaume hatulioni haraka. Kwenye grupu la kawaida namba yako inaonekana na kila mwanachama. Kwetu dada mmoja, mfugaji hodari wa gapi (samaki wadogo wa rangi), alijiondoa siku ya 3. Nilipomuuliza, aliniambia wanaume 4 walikuwa wameshamfuata pembeni, na hakuna aliyemuuliza kuhusu samaki. Ukitaka wanawake wabaki, hilo lifikirie kabla ya mambo ya rangi na nembo.

Na picha. Programu za kuchati hubana picha ili zipite haraka. Kwa picha ya harusi hakuna neno, kwa ugonjwa wa samaki ni hatari. Ugonjwa wa vidoa vyeupe huonekana kama chembe za chumvi zilizonyunyizwa mwilini na mapezini. Lakini samaki wa dhahabu dume, msimu wa kuzaliana ukifika, naye hutoa vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, naye ni mzima kabisa. Mwenzetu alituma picha, ikafika imevurugika, nusu ya grupu ikasema "ugonjwa huo, mwaga dawa". Akamwaga. Picha safi tuliiona kesho yake, vipele vipo kwenye vifuniko vya matamvua tu, dume lilikuwa linatafuta mke. Tangu siku hiyo picha ya ugonjwa kwetu hutumwa kama faili, au kwa ubora wa juu.

*Telegram.* Kwa vikundi vya katikati ndiyo ninayoipendelea, naomba wa WhatsApp wasinipige mawe. Grupu linabeba hadi watu 200,000, faili 1 linaweza kufika GB 2, na msimamizi akiruhusu, mgeni anaona yote yaliyosemwa kabla yake. Mwanachama anaweza kuficha namba akatumia jina. Zaidi ya yote, grupu linagawanyika kwa mada: magonjwa kivyake, matangi mapya kivyake, mauzo kivyake, siklidi (samaki wa Ziwa Tanganyika) kivyake. Ubaya wake ni kwamba wengi wa watu wako hawana, na wakiweka watakutana na matapeli wa sarafu za mtandaoni kabla hawajakutana na wewe. Grupu la wazi bila mlinzi linavamiwa.

*Facebook.* Grupu la Facebook ni zuri kwa kupatikana: mtu asiyekujua anatafuta "samaki wa mapambo" anakukuta. Picha zinakaa, utafutaji wa ndani unafanya kazi kiasi. Lakini nani aone nini anaamua mtambo wao, kwa hiyo swali la haraka la saa 3 usiku linaweza kuonekana keshokutwa adhuhuri, samaki ameshazikwa. Kwa sisi wa viumbe hai kuna mtego mwingine: kanuni za biashara za Meta, wenye Facebook, haziruhusu watu binafsi kuuziana wanyama, na samaki ni mnyama. Grupu likijaa "nauza dume 2 jike 4, bei maelewano", linaweza kuondolewa na kumbukumbu zote zikaenda nalo. Wa njiwa na kuku wa urembo, na ninyi mmo.

*Discord.* Ilianza 2015 kwa wacheza gemu na bado ina harufu ya huko. Vyumba vimepangika vizuri na sauti za moja kwa moja ni safi. Kama watu wako ni vijana wa kompyuta, wape. Kama ni wafugaji wa kawaida, wengi hupotelea mlangoni. Yaliyomo ndani Google haiyaoni, kwa hiyo kama ghala ni ghala lenye madirisha yaliyozibwa.

*Jukwaa lenu wenyewe.* Yaani mnakodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayobeba tovuti), mnanunua domeini (jina la tovuti), mnaweka programu ya majadiliano. phpBB ipo tangu 2000, ni ya bure, na inakaa kwenye nafasi za bei ya chini ambazo kampuni nyingi za hapa hukodisha na kupokea malipo kwa simu. Discourse, iliyoanza 2013, ni nzuri zaidi machoni na kwenye simu, ila inataka seva yake yenyewe yenye RAM isiyopungua GB 1, na GB 2 ndiyo starehe, pamoja na huduma ya kutuma barua pepe. Hapo kwenye barua pepe ndipo wengi hukwama. Watu wetu wanayo Gmail kwa sababu simu iliidai siku ya kununuliwa; hawajawahi kuifungua. Ukiwaambia "thibitisha kwa barua pepe" umewaambia kwaheri.

Faida ni kwamba nyumba ni yenu: mnaamua nani aingie, Google inawaona, nakala mnayo. Gharama ni kwamba na paa likivuja ni lenu. Kwa walio Tanzania, kabla ya kuweka tovuti ya wazi inayochapisha ya wanachama, pitia kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 na kubadilishwa baadaye, uwaulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kama yako inahitaji leseni. Kuuliza ni bure.

Hatua ya 5: Tafuta mlango wa kutokea kabla hujaingia

Yahoo Groups ilianza 2001. Wapenda samaki, redio, stempu na kila kitu duniani waliweka humo miaka yao. Mwishoni mwa 2019 yaliyohifadhiwa yakaanza kufutwa, na Desemba 2020 huduma nzima ikafungwa. Google+ ilifunga milango kwa watu wa kawaida Aprili 2019. Kampuni hizo hazikuwa changa.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, fanya zoezi hili leo: toa mazungumzo yote ya grupu la majaribio, yapeleke kwenye kompyuta nyingine, yafungue na uyasome. Telegram ya kwenye kompyuta inatoa historia nzima pamoja na picha, kurasa zinafunguka kama tovuti. WhatsApp inakupa faili la maandishi la grupu moja moja, na ina kikomo, hasa ukitaka picha. Facebook na Discord hazina kitufe cha kawaida cha kumpa msimamizi kikundi kizima mkononi. phpBB na Discourse unachukua bakapu (nakala ya akiba) ya hifadhidata yote.

Neno "bakapu" lisikudanganye. Kuhama kwetu kwa kwanza tulikodi nafasi kwenye kampuni moja ya bei ya chini sana, ikatuahidi bakapu kila siku. Tulikaa karibu miaka 2. Siku moja tovuti haifunguki, tukapiga simu, tukaambiwa diski imekufa. "Bakapu je?" Zilikuwa kwenye diski ile ile. Kilichookoka ni majibu 40 na ushee ambayo mwalimu mmoja wa kikundi alikuwa ameyachapa na kuyaweka kwenye faili la karatasi kwa sababu hapendi kusoma kwenye simu. Tulimcheka sana kabla ya siku hiyo.

Nakala isiyo mikononi mwako usiihesabu. Kila tarehe 1 ya mwezi, msimamizi mmoja atoe, mwingine aifungue ahakikishe inasomeka.

Hatua ya 6: Usikusanye usichokihitaji

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa kikundi cha burudani, utii mkubwa ni kutokuwa na cha kupoteza. Jina la kutumia, mkoa, aina ya samaki: inatosha. Namba ya kitambulisho ya mfuga gapi unaitakia nini?

Hatua ya 7: Jaribu kwa wiki 4 na watu 15

Usitangaze. Wachukue wale 15 wa mwanzo, wapeleke mahali mlipochagua, na kabla hawajafika weka majibu ya maswali 20 yanayorudi (daftari la hatua ya 1 limeshakupa). Mtu akiingia kwenye nyumba tupu anageuza.

Wiki ya kwanza watasifia. Isikupe kichwa. Angalia wiki ya 3: yupo mtu, mbali na ninyi wasimamizi, aliyeuliza bila kusukumwa? Yupo aliyejibiwa na asiye msimamizi? Mzee wenu mwenye simu ndogo ameandika chochote? Kama majibu ni hapana, mahali hapo hapafai, rudi hatua ya 4 bila aibu.

Kosa linalorudiwa hapa ni kufungua sehemu 14 siku ya kwanza. "Samaki wa maji chumvi", "Mimea ya majini", "Ufundi wa vioo", "Ushairi wa samaki". Fungua 3. Ya 4 ifunguliwe watu wakianza kulalamika kwamba ya 3 imejaa.

Hatua ya 8: Weka kanuni za mauzo kabla ya muuzaji wa kwanza

Kikundi chochote cha burudani chenye uhai kitauza. Samaki wanazaliana, matangi yanabadilishwa, mtu anahama nyumba. Kwetu samaki husafiri kwa basi: mfuko wa plastiki, maji theluthi 1, oksijeni theluthi 2, umefungwa kwa mpira, umewekwa ndani ya boksi la foamu. Mnunuzi anasubiri stendi alfajiri. Nafasi ya utapeli ni kubwa, na pesa ikitumwa kwa mtandao wa simu haina haraka ya kurudi.

Kanuni zetu ni mistari 4, zimebandikwa juu. Muuzaji awe anajulikana na wanachama 2 wa zamani. Picha iwe ya samaki huyo huyo, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni ya tangi. Bei iandikwe wazi, "njoo inbox" ni marufuku. Kikundi hakidhamini mtu.

Mauzo yawe na chumba chao. Yakichanganyika na maswali, wanaojibu maswali wataondoka kwanza, na hao huwarudishi.

Hatua ya 9: Hamisha watu polepole

Usifunge nyumba ya zamani. Iache miezi 3. Kila mtu akiuliza kule, mjibu kwa linki ya jibu lililoko ghalani, pamoja na neno 1 la upole: "Dada, hili tumelieleza vizuri hapa, ukikwama niambie." Usiseme "soma kanuni". Mgeni ambaye samaki wake wanakufa hana nafasi ya kanuni.

Watakaokataa kuhama wapo. Waache barazani. Kwetu nusu bado wako kwenye grupu la zamani la kuchati, wanatupia utani, na kila Jumapili mmoja wetu anachota majibu mazuri ya wiki anayapeleka ghalani yakiwa na jina la aliyeyatoa. Jina ni muhimu. Mtu akiona jibu lake limewekwa na jina lake, la pili analiandika vizuri zaidi.

Likiharibika, angalia hapa

*Watu wamejiunga, hakuna anayeandika.* Mara nyingi wanawaogopa wataalamu. Mwombe mtaalamu mmoja aulize swali la kijinga hadharani. Kwetu mzee mwenye matangi 9 alituma picha ya samaki aliyejirusha nje usiku kwa sababu mfuniko ulisahauliwa, akaandika "jamani, na mimi". Siku hiyo hiyo waliandika watu ambao sikujua kama wapo.

*Swali lile lile bado linaulizwa.* Jibu lipo lakini limepewa kichwa cha kitaalamu. Badilisha "Mzunguko wa nitrojeni" liwe "Maji meupe kwenye tangi jipya, samaki wanahema juu". Kichwa kiwe maneno ya anayeuliza.

*Tovuti haifunguki.* Kwanza jaribu kwa mtandao mwingine wa simu. Ikifunguka huko, shida ni ya mtandao. Isipofunguka popote, angalia tarehe ya kulipia domeini kabla hujamlaumu fundi. Domeini hulipiwa kila mwaka na ukumbusho hutumwa kwenye barua pepe ile ambayo hakuna anayeifungua.

*Msimamizi mwenye laini amepoteza simu.* Arudishe laini siku hiyo hiyo kwa wakala, na msimamizi wa pili amwondolee madaraka kwa muda mpaka arudi hewani. Kama hakuna msimamizi wa pili, sasa unajua kwa nini nilimweka juu kabisa kwenye orodha. Baadaye washeni uthibitisho wa hatua 2, PIN iandikwe kwenye zile karatasi.

*Matangazo ya sarafu na "ajira za nyumbani" yamevamia.* Funga mlango wa wazi, wageni waidhinishwe. Waulize swali 1 mlangoni ambalo mfugaji atalijibu na tapeli hatalijibu. Letu ni: "Filta yako unaiosha kwa maji gani?"

*Kikundi kimegawanyika, wengine wamefungua chao.* Waombe linki, iweke ghalani pamoja na nyingine. Siklidi wa Tanganyika wanapenda maji magumu (yenye madini mengi) yenye pH ya juu, samaki wengi wa Amazoni wanapenda laini yenye pH ya chini, yaani yenye uchachu. Ukiwaweka tangi moja, mmojawapo atateseka. Wetu wa siklidi walijitenga mwaka juzi. Bado tunakopeshana hita.